Damu Yake Nzuri, Mbona Anaisha?



Wiki hii sitajibu barua tano sita kama desturi yetu. Moja imenikaa kifuani, na ukurasa wote nimempa mwenyewe. Imetoka Makangale, kule kaskazini ya Pemba, ambako ukishaumaliza msitu wa Ngezi unaisikia Vumawimbi kabla hujaiona. Aliyeandika ni dada mkubwa kama mimi. Mdogo wake ana miaka 17, yuko Kidato cha Tatu. Alianza kupunguza chakula Ramadhani, akasema anataka nguo ya Sikukuu imkae vizuri. Sikukuu ikapita. Akafunga sita za Shawwal, halafu Jumatatu na Alkhamisi, halafu kila siku ikawa na sababu yake. Sasa shingo imebaki mishipa. Hedhi haijaonekana kwa miezi. Mikono ni baridi hata jua likiwa utosini, na mabegani kumemwota vinywele laini kama vya mtoto mchanga. Anawapikia chapati nyumba nzima, anasimama kuwatazama wakila, mwenyewe hatii tonge.

Walimpeleka hospitali, akapimwa damu. Karatasi ikarudi haina neno: wingi wa damu sawa, protini sawa, vipimo vya ini tu ndivyo vimepanda kidogo. Wakaambiwa damu yake nzuri, warudi nyumbani wakamlishe. Bibi yao akasema kama hospitali hawakuona kitu, basi si maradhi ya hospitali, atafutwe mganga. Swali la dada huyu ni moja: "Kama damu yake nzuri, mbona anatuishia mikononi?"

Mwenetu, nakujibu wewe, na wenzako wasikilize, maana naamini hukuandika peke yako. Umeandika kwa niaba ya nyumba nyingi.

Mimi si daktari wake na sijamwona. Lakini yote uliyoyaeleza yanaelekea pahala pamoja, nako ni anoreksia navosa. Ni maradhi ya akili yanayoushika mwili: mtu anajinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, au kwa kuhisi kwamba chakula ndicho kitu pekee anachoweza kukitawala, na kadiri anavyokonda ndivyo hofu inavyozidi. Njaa anaisikia. Usimwambie kwamba anajidai. Na usikubali mtu akuambie kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba walioyafanya yajulikane kwa madaktari, mwaka 1873, walikuwa daktari wa London, William Gull, na mwenzake wa Paris, Charles Lasègue. Lakini nani Pemba hana shangazi au binamu Maskati? Mwaka 2002 Samir Al-Adawi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walichapisha matokeo ya dodoso walilowapa vijana, na karibu theluthi moja ya vijana wa Kiomani walijibu kama mtu mwenye mwelekeo wa kujinyima chakula, wavulana kwa wasichana. Dodoso si hukumu ya ugonjwa, ila nambari hiyo haitaki kupuuzwa. Kenya, mwaka 2004, daktari wa akili Frank Njenga na mwenzake waliandika kwamba wagonjwa wa namna hii waliofika kwa madaktari walikuwa wachache mno. Mimi nasoma hapo kwamba wachache walifika. Walioitwa wana shetani hawakuandikwa popote.

Sasa tuje kwenye karatasi yenu.

Kuna neno albumini. Hiyo ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu. Ini huitengeneza, kiasi cha gramu 10 hadi 15 kwa siku, na mtu mwenye afya huwa na gramu 35 hadi 50 katika kila lita. Inabeba homoni, mafuta na dawa, na inayazuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa. Wengi wetu tulifundishwa skuli kwamba asiyekula, protini yake ya damu itashuka, basi ukipima utaona. Kwa msichana anayejinyima, mara nyingi huoni. Anaweza kuwa amebaki mifupa, na albumini yake iko palepale pa mtu mzima wa afya.

Mama zetu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Siku ambayo ndani hamna unga, ndiyo siku mama anafagia uwanja mara mbili na kujifunga kanga yake safi, jirani asijue. Mwili nao unaanza kwa kuulinda uwanja. Zaidi ya nusu ya albumini haimo kwenye mishipa, imo nje, katika nyama na ngozi. Chakula kikipungua, mwili unaivuta ile ya nje iingie ndani. Ini linapunguza kutengeneza, lakini na uvunjaji wa albumini iliyopo unapunguzwa. Tena yenyewe haifi upesi: hata ini lingesimama leo, baada ya wiki tatu hivi nusu ya iliyokuwepo ingekuwa bado inazunguka. Malighafi ya kuendeshea haya yote inatoka wapi? Inatoka kwenye misuli. Mapaja, mabega, misuli ya kupumulia, na moyo wenyewe, maana moyo nao ni nyama. Damu inalipiwa deni na mwili.

Halafu kuna hili ambalo kila mpishi analifahamu. Mchuzi ukikaukia motoni, chumvi inajitokeza, wala hukuongeza hata chembe. Msichana asiyekula mara nyingi hanywi vya kutosha pia, na wengine wanatapika kwa siri au wanakunywa dawa za kuharisha. Maji yanapungua, damu inakuwa nzito. Maabara inapima kiasi kwa kila lita. Kwa hiyo albumini inaonekana ipo, wingi wa damu unaonekana upo, kumbe ni mchuzi uliokaukia.

Hili si la kubuni. Novemba 1944, vita vikielekea ukingoni, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana wanaume 36 wenye afya waliojitolea, ili ajue namna ya kuwalisha watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Baada ya kuwapima kwa wiki kadhaa, kwa miezi sita akawapa chakula cha nusunusu, hata wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Protini za damu zao zilishuka kidogo tu. Lakini moyo ulipiga polepole, baridi ikawaingia mifupani, nyayo zikawavimba. Wakawa wanalamba sahani, wanasoma vitabu vya mapishi usiku, wanaota chakula, wanakasirika kwa jambo dogo, wanajitenga. Hawakuwa na anoreksia hata mmoja. Njaa peke yake iliwafanya vile. Mwenetu, hebu mfikirie mdogo wako anayepika chapati asizozila. Sehemu kubwa ya tabia inayokutia uchungu si yeye, ni njaa inayosema kwa kinywa chake. Mimi nilipolijua hili, nilijuta maneno niliyowahi kumwambia rafiki yangu wa skuli aliyekuwa hivi. Nilimwita mwenye maringo.

Utaniuliza: mbona mtoto wa kwashakoo damu yake inaonyesha? Swali zuri, na jibu lake limetafutwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Jina lenyewe lilitoka Ghana, lilipokuwa Gold Coast: Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika, aliueleza ugonjwa ule mwaka 1933, na miaka miwili baadaye akauita kwa neno la Waga, kwashiorkor. Lakini Kampala, katika hospitali ya Mulago, ndiko ulikochunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1973 Roger Whitehead na wenzake walieleza kwamba kwa watoto wa vijijini Uganda, albumini ilipoteremka chini ya gramu 30 kwa lita, ndipo uvimbe ulipoanza kutokea. Watoto wale walikula ndizi na mizizi, tumbo likajaa wanga na protini ikawa haba, na juu yake maradhi ya kuambukiza yakaja moja baada ya jingine. Mwili ukipigana na vijidudu, ini linaacha kutengeneza albumini, linatengeneza silaha. Mishipa nayo inalegea na kuvujisha. Hapo albumini huanguka kweli.

Na hata hapo mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1980, Michael Golden na wenzake waliokuwa Jamaika walionyesha kwamba uvimbe wa watoto wa kwashakoo ulikauka kabla albumini yao haijapanda. Miguu ilipona, nambari bado iko chini. Ndiyo maana leo mhudumu wa afya akimpima mtoto mdogo hangoji maabara. Anabonyeza nyayo zote mbili kwa kidole gumba aone kama patabaki shimo, na anazungusha utepe mkononi kuona kama umeshuka chini ya sentimita 11.5. Kidole na utepe vinaona kile ambacho damu inakificha.

Kwa hiyo ikiwa siku moja albumini ya mdogo wako itashuka sana, msiseme "ah, ni kwa kutokula". Mwambieni daktari atafute maambukizi. Mtu aliyekwisha kwa njaa anaweza kuwa na nimonia bila homa, kwa sababu mwili hauna hata kuni za kuwashia moto. Na daktari lazima ahakikishe kwamba kukonda kwenyewe hakutokani na kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo au virusi vya UKIMWI. Vipimo vya damu vina kazi yake, nami sivitukani. Kinachonitia hofu ni yale maneno "damu yake nzuri", yanavyowafunga watu macho.

Basi mtazame nini? Mtazame yeye. Mwambie achuchumae kama anayeosha vyombo, kisha ainuke bila kushika ukuta wala goti. Simama karibu yake asianguke. Msichana wa Makangale aliyezoea kuinama kwenye mwani tangu utotoni, akishindwa kuinuka chini peke yake, misuli imekwisha kuliwa. Madaktari wa maradhi haya wanatumia jaribio kama hilo hilo. Mshike mkono uhesabu mapigo akiwa ametulia, dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, apelekwe hospitali siku hiyo. Yakiwa chini ya 40, au ameanguka, au kifua kinamdunda vibaya, au anasema maneno yasiyoeleweka, usingoje asubuhi. Sitakutajia kilo, na nakuomba na wewe usimtajie, maana kilo ndiyo lugha ya maradhi yake.

Sasa ndipo ninapokuja kwenye jambo lililonifanya nikupe ukurasa mzima. Uliandika kwamba mmeamua Ijumaa hii mumkalishe chini, mumlishe kwa nguvu mpaka ashibe: wali wa nazi, kuku, kalimati, na chupa ya glukosi kutoka dukani. Nakuelewa, mwenetu. Hata mimi mkono ungeniwasha. Lakini usifanye hivyo. Mtu aliyekaa na njaa miezi anaweza kufa kwa kulishwa vibaya.

Mwaka 1945 kule Ufilipino, wanajeshi wa Kijapani waliodhoofu kwa njaa walijisalimisha kwa Wamarekani. Wakalishwa. Na baadhi yao wakafa wakiwa wameshaanza kula. Madaktari waliowahudumia wakaichapisha habari yao mwaka 1951, na tangu hapo tunajua kwamba kurudisha chakula kuna hatari zake.

Inakuwaje? Mwili wenye njaa unaishi kwa kuunguza mafuta na misuli yake. Ukimwaga wanga na sukari kwa ghafla, insulini inapanda. Insulini inafungua milango ya seli, na seli zilizokaa muda mrefu bila kitu zinanyakua kila kinachopita: fosfeti, potasiamu, magnesiamu. Hifadhi za ndani zilishakwisha zamani, ila katika damu vilikuwa vinaonekana viko sawa, ule mchezo ule ule wa uwanja uliofagiwa. Sasa damu inaachwa tupu kwa siku chache, mara nyingi katika wiki ya kwanza. Bila fosfeti, moyo haupati nguvu ya kujikaza na misuli ya kupumua inachoka. Potasiamu ikianguka, mapigo yanaparaganyika. Na vitamini B1, inayohitajika ili wanga utumike, ikiwa haipo, ubongo unaumia. Ndiyo maana hospitali wanatoa B1 kabla ya kuanza kulisha, wanaanza na chakula kwa kiasi na kukiongeza kwa mpango, na katika siku za mwanzo wanapima fosfeti na potasiamu kila siku. Ukienda, uliza hivyo kwa adabu: "Daktari, fosfeti mtampima?" Kama pale haipimwi, omba mpewe rufaa ya pahala inapopimwa.

Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani limeliandika somo hili ndani ya maziwa yenyewe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali haanzi na maziwa mazito. Anaanza na yale yanayoitwa F-75, ambayo mililita 100 zake zina kilokalori 75 na protini chini ya gramu moja tu. Akishatulia, hamu imerudi na uvimbe unapungua, ndipo anahamishiwa F-100, yenye protini mara tatu ya ile. Mama wengi wanalalamika mtoto wao mkondefu anapewa maji maji. Hayo maji maji ndiyo yanayompitisha daraja.

Mtakaporudi na mkaanza kumlisha kwa mpango, jiandaeni, kwa maana karatasi itawatisha upande wa pili. Maji yakirudi mwilini, mchuzi unazimuliwa. Albumini inaweza kushuka wiki ya kwanza. Wingi wa damu nao unaweza kushuka. Vipimo vya ini vinaweza kubaki juu, kwa sababu ini lililokosa chakula lilikuwa linajila lenyewe, na likilishwa sukari nyingi linajaa mafuta. Nyayo zinaweza kuvimba, kwa kuwa insulini inaziambia figo zishike chumvi na maji. Hapo ndipo familia zinaposema "chakula kinamdhuru, tumwachishe", naye mwenyewe anajitazama miguu na kulia kwamba amenenepa ndani ya siku tatu. Ni maji, na huondoka baada ya wiki kadhaa. Mwambie hivyo kwa upole, tena na tena. Lakini uvimbe ukija pamoja na kukosa pumzi, kudundwa na moyo au kuchanganyikiwa, basi ni hospitali saa hiyo hiyo.

Ziko protini nyingine zinazosema mapema kuliko albumini. Moja inaitwa prialbumini, na nusu yake huisha kwa siku mbili tu, kwa hiyo inashuka upesi na kupanda upesi mtu akila. Nayo ikisikia maambukizi inaanguka, kwa hiyo haitoshi peke yake.

Kuna nyingine, transferini, inayobeba madini ya chuma katika damu, na hapa nina neno la kuwaambia Wapemba kwa uchungu na kwa fahari. Najua hamu ya kila nyumba ni kumnunulia mgonjwa "dawa ya damu". Pemba yetu ndiyo iliyoifundisha dunia kuwa na subira na dawa hiyo. Mwaka 2002 ulianza hapa utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Walioingizwa walikuwa zaidi ya watoto 24,000. Agosti 2003 vidonge vya chuma vikasimamishwa, kwa sababu waliovipata walikuwa wanakufa au kulazwa zaidi kuliko wasiovipata, kwa asilimia 12. Sunil Sazawal na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2006, na miongozo ya dunia nzima ikabadilika. Wakati ule malaria ilikuwa imetushika vibaya. Watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli na wakatibiwa malaria yao kwa karibu walifaidika, lakini kumwagia chuma kila mtoto kulileta madhara. Nikipita Makangale na kumwona kijana wa miaka ishirini na kitu kwenye ngarawa, nawaza huenda alikuwa mmoja wao. Tunawadai wale watoto shukrani.

Linamhusu nini mdogo wako? Mtu mwenye utapiamlo mkali transferini yake huwa pungufu, na chuma kisicho na wa kukibeba hubaki kikirandaranda na kuwa lishe ya vijidudu. Kwa watoto, mwongozo unataka chuma kisubiri mpaka mtoto aanze kuongezeka uzito. Na katika anoreksia, mara nyingi ghala la chuma, linalopimwa kwa protini iitwayo feritini, huwa limejaa, kwa sababu mwili umepunguza kutengeneza damu na chuma hakitumiki. Akila, ghala linatumika na feritini inateremka. Ni dalili njema. Chupa ya dawa ya damu iache dukani mpaka daktari aseme.

Sasa nyumbani, kabla hamjafika hospitali, maana najua barabara ya kutoka kwenu hadi Micheweni au Wete, na najua gari halipatikani saa yoyote. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Kikombe kidogo cha maziwa ni bora kuliko sinia, kwa sababu maziwa yana ile fosfeti inayotakiwa. Dagaa, changu wa mchuzi mwepesi, yai, uji mwepesi wa maziwa. Acha soda, glukosi, kalimati na juisi ya miwa. Usikae naye hivyo siku kumi, hii ni ya njiani tu. Hali ikiwa mbaya, kuna Abdalla Mzee Mkoani, na ng'ambo Unguja kuna Mnazi Mmoja kwa mwili na Kidongo Chekundu kwa akili. Usione haya kulitaja hilo la mwisho. Chakula kitamrudisha mwili, lakini hofu iliyomfikisha hapo inahitaji mtu wa kukaa naye na kuzungumza kwa miezi.

Bibi yenu mheshimuni. Mwambieni: "Bibi, dua yako tunaitaka, ikae pembeni ya dawa." Kombe halina neno. Ila dawa za kuharisha na za kutapisha, hata zikitoka kwa mganga wa kuaminika namna gani, zinamaliza potasiamu ambayo moyo wake unaitegemea. Hapo msimame imara, kwa heshima, na msitetereke.

Na saumu. Hii ndiyo pazia alilojifichia, na ni pazia zito kwetu kwa sababu hakuna anayethubutu kumwambia mtoto asifunge. Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Tena yeye anafunga sunna. Usimwambie wewe. Muombe sheikh wa msikiti wenu, au mwalimu wake wa chuoni, amwambie yeye mwenyewe, ana kwa ana, kwamba kula kwake sasa hivi ni kuitunza amana. Maneno hayo hayo kutoka kwako atayaona ni ya dada anayemwingilia.

Wakati wa kula, kaa naye. Mzungumze habari za skuli, za mtihani, za mwani uliopanda bei au ulioshuka, lolote lisilokuwa chakula wala mwili. Usimsifu kwamba "umeanza kujaa". Kwenye masikio yake hilo ni tusi. Akimaliza, msiachane upesi, kaeni nusu saa hivi mkifanya kitu cha mikono, msukane, mshone, kwa sababu dakika baada ya kula ndizo ngumu kwake kuliko zote. Akikukasirikia, usikasirike. Siku ambazo hataweza kumaliza kikombe, asiadhibiwe.

Mwenetu, Ijumaa hiyo badala ya sinia tafuteni gari. Chukua karatasi ya damu mwende nayo, na karatasi nyingine uandike mwenyewe: tangu lini hali, hedhi ya mwisho lini, mapigo mangapi kwa dakika, anatapika au hatapiki, ameinukaje alipochuchumaa. Daktari akikuambia tena kwamba damu yake nzuri, mpe hiyo ya pili aisome. Kisha niandikie mlivyopokewa. Nitaitafuta barua yako kwanza kabla ya nyingine zote.